Maji ya Uvunguni

Mbao zikilowa mvua hutoa harufu ambayo watu wengi huipenda. Mimi hainiachi nikae. Mwezi uliopita nilikwenda kwenye depo ya mbao kule Birere, hapa hapa Goma, kununua vipande vya kutengenezea kabati. Mvua ikaja, ikapiga rundo lililokuwa nje, na kabla muuzaji hajamaliza kunitajia urefu nilikuwa nimeshatoka, nimesimama katikati ya pikipiki na vichukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, nalowa. Akaniita, "Mama, mvua!" kana kwamba sikuiona. Sikurudi. Kabati mpaka leo sina, na nguo za watoto ziko kwenye mifuko.

Mume wangu husema nahangaika kama kuku anayetaka kutaga. Anasema kweli. Mvua ikianza, nakagua chini ya vitanda, nafungua mlango wa nyuma, naufunga, naufungua tena. Nyumba yetu ni ya matofali na sakafu yake ni simenti iliyolala moja kwa moja juu ya mawe. Haina uvungu. Nakagua hata hivyo.

Ninyi mliokulia Ndosho kama mimi mnaujua uvungu ninaousema. Nyumba zetu zilikuwa za mbao, zimesimama juu ya nguzo za mawe, kwa sababu ardhi yenyewe ni mawe ya volkano, yamepanda hapa, yameshuka pale, na nani ana nguvu ya kuyasawazisha yote? Fundi alipanga nguzo, akapigilia boriti, akapigilia sakafu, na chini ya sakafu pakabaki uwazi. Kwetu, upande wa mbele, mtu mzima aliweza kuingia kwa kutambaa. Upande wa nyuma sakafu ilikaribia kugusa mawe na hata paka alipita kwa kujibana. Humo ndimo mipira yetu ilimoishia, na viatu vya mguu mmoja, na kuku waliotaka kuficha mayai.

Mnajua pia kwamba mawe yale hunywa maji. Mvua ya Goma hunyesha kwa hasira, lakini ikikatika, hata tone la kunawisha kifaranga hulikuti chini. Usipoyakinga maji yanayoshuka kwenye bati, yamekwenda. Ndiyo maana sote tulishuka ziwani na mabidoni, yale madumu yetu ya maji, tukarudi tumepinda shingo. Kwetu peke yetu maji yalibaki. Chini ya sakafu yetu yalikaa maji meusi, yamesimama, yananifika magotini, na tuliishi juu yake huku tukitembea mwendo wote ule kutafuta maji. Mchana yalinuka kupitia kwenye nafasi za mbao. Jua likishuka, mbu walipanda kwa njia hiyo hiyo.

Aliyeyaleta alikuwa Papa, baba yetu, na aliyaleta kwa nia njema. Kiwanja alikipata kwa bei rahisi kwa sababu kilikuwa kwenye bonde, na katikati ya bonde palikuwa na ufa kwenye jiwe, mrefu kama mkono wake. Watu waliokaa pale kabla yetu walimkuta mbuzi wao amelala karibu na ufa huo, hana jeraha, amekufa. Kila mtu alijua maana yake. Mazuku ni hewa mbaya inayotoka ndani ya ardhi na kulala mahali pa chini. Haina rangi, na watoto hutangulia kufa kabla ya watu wazima kwa sababu vichwa vyao viko chini. Basi Papa, kabla sakafu haijapigiliwa, alichukua magunia ya zamani, akayashindilia kwenye ule ufa, akapanga mawe, akamwaga simenti juu. Nilisimama kando nikimwangalia.

"Hii ndiyo mudomo yake," akaniambia. "Miye naifunga. Sasa itabakia chini, ilale."

Shuleni walitufundisha kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Papa aliuziba ufa, tukapata ziwa. Ule ufa ndio uliokuwa mdomo wa bonde lote, ndio uliokuwa unakunywa maji yetu, lakini hakuna aliyefikiri hivyo. Papa alifikiri ameifunga hewa. Na mimi, niliyemsikia akisema mdomo, akisema ilale, nilielewa kwa akili ya mtoto kwamba chini ya nyumba yetu kuna kitu chenye mwili. Nilikipa hata umbo. Kilikuwa kirefu, kimelala kifudifudi, ngozi yake ya kijivu. Maji yalipoanza kusimama juu ya ile simenti nilifurahi, kwa sababu niliona kimewekewa kifuniko cha pili.

Nilikuwa na miaka minane. Paluku, mdogo wangu, alikuwa ameanza tu kutembea. Tulilala wote wawili chini, kwenye godoro lililotandikwa juu ya mbao, na usingizi kabla haujanishika nililala na sikio kwenye sakafu nikihakikisha kwamba kule chini kumetulia. Papa alifanya biashara ya njia ndefu, Goma na Butembo, wiki mbili hayupo, siku nne yupo. Safari moja, akiwa tayari mlangoni na begi lake, alinishika kichwa akaniambia, "Masika, weye ndiye mukubwa. Uangalie nyumba. Ile kitu ya chini isitoke."

Nadhani alikuwa anatania. Wababa husema hivyo ili mtoto asilie. Mimi nilipokea kazi.

Siku kumi baadaye Paluku alishikwa na homa, ya tatu katika miezi michache. Tulikwenda kituo cha afya, Mama amembeba mgongoni, mimi nimebeba thermosi. Muuguzi alimtoboa kidole, akaangalia, akatikisa kichwa kama anayemwona mgeni aliyezoea kuja bila kualikwa. "Mama, dawa tunamupa kila mara," alisema. "Lakini kwenu kuko maji inasimama. Si uliniambia? Ile maji ndiyo inamurudishia ugonjwa. Mutoe maji, ama mutamupoteza huyu mutoto."

Mama alimfunga Paluku mgongoni tena. Njiani alitembea haraka mpaka nikawa nakimbia. Alipofika nyumbani alitandika kitenge barazani, akamlaza Paluku juu yake, akavua viatu, akachukua kopo alilolikata kutoka kwenye bidoni kuukuu, akaingia uvunguni kwa tumbo.

Sijawahi kumwona mwanamke akifanya kazi namna ile. Yeye alikuwa ndani, nusu mwili majini, anachota na kujaza beseni letu la kufulia. Analisukuma mpaka ukingoni. Mimi nje nalipokea, nalibeba, nakwenda kulimwaga ng'ambo ya kinjia, kwenye mawe ya jirani, ambako maji yalipotea mara moja. Narudisha beseni tupu, nakuta kopo linaningoja. Kati ya beseni na beseni Mama alitoka, matope mpaka kwenye nyusi, analowesha kitambaa na kukiweka kwenye paji la Paluku, halafu anaingia tena. Hakuwa akisema chochote isipokuwa jina la Mama Bikira, tena kwa ufupi, kama mtu anayemwita jirani.

Mabeseni matatu ya kwanza niliyamwaga vizuri. La nne nikasimama nalo. Nilitazama chini ya sakafu, nikaona alama ya maji kwenye nguzo imeshuka kidogo. Mama alikuwa anaondoa kifuniko. Hakuwepo siku Papa anaziba, alikuwa bado Butembo kwa wazazi wake, amejifungua Paluku. Hakujua kuna nini chini pale. Kwa nini sikumwambia? Nimejiuliza hilo zaidi ya jambo lolote maishani mwangu. Nadhani nilimwogopa jinsi alivyokuwa siku ile. Nadhani pia nilijiona mjanja. Nyuma ya nyumba, pale paka alipopita kwa kujibana, palikuwa na ubao uliong'oka. Nikazunguka na beseni langu, nikalimwaga pale taratibu, ukingoni mwa jiwe, lisitoe sauti. Maji yakarudi ndani.

Sikurudisha yote. Nilikuwa na utaratibu wangu, beseni moja la nje, mawili ya ndani. Tulifanya kazi hiyo siku hiyo, na kesho yake, na kesho kutwa. Mikono iliniuma kiasi kwamba nilishindwa kushika kalamu, na shuleni sikwenda. Nilivumilia kwa sababu nilikuwa namwokoa Paluku. Nataka mlielewe hilo. Mama alikuwa ndani akimwokoa kwa kuchota, na mimi nje nikimwokoa kwa kumwaga, na mwenyewe alilala barazani, midomo imekauka.

Siku ya tatu Mama alitoka akaketi kwenye jiwe. Alama kwenye nguzo ilikuwa pale pale, au ilikuwa imeshuka kwa upana wa kidole. "Hii maji inatoka wapi?" akauliza, lakini si mimi aliyekuwa akiniuliza. Jirani yetu Mama Zawadi, ambaye alikuwa amekuja kutupa pole na kuangalia, alipiga makofi mara moja, akafunga mikono kifuani.

"Miye nakuambia kweli, mama ya Masika. Hapa kwetu mawe inakunywaka maji yote. Ya kwenu tu ndiyo inabakia. Munachota, iko inarudi. Hiyo si maji ya bure."

"Ni nini basi?"

"Ni kitu yenye mutu alifanya. Muombe."

Mama hakuwa mtu wa mambo ya wachawi. Lakini maji yalikuwa yamezidi unga. Aliingia ndani, akatoka na ile chupa ndogo ya maji ya baraka aliyotoka nayo parokiani siku ya Pasaka, akapiga magoti, akanyunyiza uvunguni. Hata wakati ule nilitaka kucheka, maji juu ya maji. Halafu niliona mabega yake yanatetemeka. Mama yangu, ambaye hakulia hata alipozikwa baba yake, alikuwa amepiga magoti matopeni analia kwa sauti ya mtoto. Nilikuwa nimesimama na beseni mkononi. Ningeweza kusema pale. Nikanyamaza, na beseni lililofuata nikalirudisha ndani kama kawaida.

Asubuhi ya siku ya nne Paluku alikakamaa. Macho yalipinduka, meno yakafungana, mguu mmoja ukawa unapiga ubao, ta-ta-ta. Mama alimnyakua akakimbia naye hospitali bila viatu. Nilibaki na Mama Zawadi, na nilikuwa na hakika kabisa ya kilichotokea. Kile kitu kimeanza kupanda. Maji tuliyoyatoa yamekuwa mengi mno. Mchana wote, kila Mama Zawadi alipogeuka, nilichota maji ya kunywa kwenye mabidoni yake, maji yaliyotoka ziwani kwa shingo za watoto wake, nikakimbia kuyamwaga nyuma ya nyumba yetu.

Papa alifika jioni ile, jua bado lipo, vumbi la njia kwenye kope. Aliposikia, alikwenda kwanza hospitali. Aliporudi aliinama akachungulia uvunguni, akakaa hivyo muda mrefu. Kisha akajipiga paji la uso kwa kiganja.

"Ni miye," akamwambia Mama Zawadi. "Nilifunga njia ya maji kwa mikono yangu. Kesho navunja."

Navunja. Sikulala. Kesho yake walinituma hospitali kumpelekea Mama sahani ya ugali na sombe, mboga ya majani ya muhogo, na njiani nilikimbia mpaka mchuzi ukamwagikia mikono. Mama alikuwa amekaa kwenye kitanda cha chuma, Paluku amelala, mshipa wa kichwani umewekwa sindano ya serumu inayotiririsha maji ya dawa. Paluku alikuwa mdogo sana kwenye kile kitanda.

"Mama, umukataze Papa! Anataka kuvunja! Mazuku itatoka!"

"Mazuku gani?"

Ndipo nilipomwambia yote. Nilimwambia kuhusu mdomo, kuhusu ngozi ya kijivu, kuhusu kifuniko. "Maji ilikuwa inaikalia juu. Weye ulikuwa unatoa, miye narudisha. Nilikuwa narudisha nyuma, kwenye ubao ya kuvunjika. Kila siku. Juu ya Paluku asikufe."

Mama aliinua mkono. Nilifumba macho nikingoja kofi, na nililitaka lile kofi, mpaka leo nalitaka. Halikuja. Nilipofumbua, mkono ulikuwa kinywani mwake. Alinitazama kwa muda, akamtazama Paluku, akanitazama tena. Kisha alichukua sahani niliyoileta, akakata tonge, akalichovya, akanilisha mimi.

"Nani anajua?" aliuliza.

"Hakuna mutu."

"Usimuambie Papa. Usimuambie huyu mutoto, hata akikomaa. Ni mambo ya miye na weye. Kula."

Nilikula. Sikuwa na njaa.

Papa alivunja mchana ule. Kwanza alifunga mshumaa kwenye ncha ya fito akausukuma uvunguni juu ya maji, na majirani wote wakaambiwa wasogee upande wa juu. Mshumaa haukuzimika. Akaingia na mtaimbo. Tulisikia chuma kwenye simenti, mara nyingi, halafu sauti nyingine, kama mzee anayekunywa uji kwa haraka. Papa akatoka kwa kurudi nyuma, anakohoa na kucheka. Mimi nilikuwa juu ya ukuta wa Mama Zawadi, nimeubana kwa miguu, nangoja watu waanze kuanguka. Maji yaliisha kabla mshumaa haujafika nusu. Yote, ya siku zote zile. Kulibaki matope, mpira, na kiatu changu kimoja. Kuku wa jirani akaingia, akaparura matope, akatoka mzima na funza mdomoni. Nilishuka ukutani nikatapika.

Papa aliuacha ufa wazi, akauwekea wavu wa chuma, na kwa miaka mingi alijaribu mshumaa kila wiki. Hakuna kilichowahi kutoka.

Paluku alirudi nyumbani siku ya tisa, amekonda, anacheka. Tulisherehekea. Ilikuwa baada ya miezi kadhaa ndipo Mama alipogundua kwamba ukimwita akiwa amekupa ubavu wa kushoto, hageuki. Daktari alisema labda ni ugonjwa, labda ni dawa yenyewe, haiwezekani kujua. Sikio la kushoto halikurudi. Shuleni alikaa mbele kabisa, upande wa ukuta. Mitaani alipigwa kwa kutojibu wakubwa. Alipogongwa na pikipiki iliyotokea kushoto kwake, akiwa na miaka kumi na miwili, Mama na mimi tulitazamana juu ya bandeji zake, tukatazama pembeni. Kwa miaka yote ile hatukulirudia lile neno. Alikuwa amenihurumia, najua, na kwa huruma ile nilikosa mahali pa kuuweka mzigo. Papa alikufa akiamini kosa lote ni lake. Hilo nalo ninalo.

Mama tumemzika mwaka huu, mwanzoni mwa kiangazi. Siku za msiba zilipokwisha na wageni wakarudi Butembo, niligundua kwamba nimebaki peke yangu na jambo lile, na kwamba siwezi. Nilikaa, nikasimama. Nilikwenda sokoni nikarudi bila kununua. Mficha uchi hazai, wanasema, na mimi nilikuwa nimeuficha mpaka nikazeeka nao.

Paluku ana karakana ya pikipiki Ndosho, si mbali na kiwanja chetu cha zamani. Nilimkuta mchana, kijana wake ametumwa vipuri, wateja wawili wamekaa kwenye tairi wakibishana, na pikipiki moja imewashwa ili aisikilize. Husikiliza injini kwa kuziinamia, sikio la kulia karibu na chuma. Nilivuta kigoda nikakaa upande huo huo wa kulia. Nikasema yote, haraka, bila kupumzika, macho yangu kwenye mafuta yaliyomwagika chini. Nilisema mpaka maji ya Mama Zawadi. Nilisema mpaka mguu wake ulivyopiga ubao.

Alikuwa anafuta kipande cha kabureta kwa kitambaa. Aliendelea kukifuta baada ya mimi kumaliza, ingawa kilikuwa safi.

"Ulikuwa na myaka ngapi?" akauliza.

"Munane."

"Beseni gani? Ile kubwa ya kufulia?"

"Ile ya kufulia."

Akakiweka kile kipande chini. Nilijiandaa kwa lolote. Nilitaka anifukuze, angalau pangekuwa na mwisho.

"Dada," akasema, "ilikuwa nzito?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza. "Ilikuwa nzito," nikamwambia, "ilikuwa inanivunja mikono," na nikaanza kulia pale pale mbele ya wateja wake. Paluku akanyoosha mkono, akaizima ile pikipiki iliyokuwa inanguruma, ili anisikie vizuri.